Mkandarasi Hajui Siku ya Gulio

Huku Usambara, ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni, mlima uko upande mmoja na bonde upande wa pili, na barabara imepita hapo kwa sababu hapakuwa na pengine pa kupita. Hiyo ni ya lami, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na magari hupishana. Ukiiacha ukaingia kwenye barabara za udongo zinazopanda vijijini, mambo ni yaleyale ila pembamba zaidi: upana wa gari moja, kona kali, na chini kabisa mabati ya nyumba za kitongoji kingine. Mjini wakifunga mtaa, dereva anakata kona anatokea mtaa wa pili. Huku barabara ikifungwa, kilicho ndani kinabaki ndani na kilicho nje kinabaki nje, mpaka aliyefunga afungue.

Nimekaa kwenye halmashauri ya kijiji muda wa kutosha kuona kazi za barabara zikija na kuondoka, na kuna jambo ninalotaka lisikike kwa wahandisi, wakandarasi, madiwani na sisi wenyewe wanakijiji. Siku na saa ya kufunga barabara ni sehemu ya ujenzi, sawa na zege na kifusi. Ipangwe pamoja na watu wanaoitumia hiyo barabara, kabla greda halijashushwa. Kwa sasa mara nyingi kinachoamua ni siku mashine ilipopatikana.

Kijiji kina kalenda yake, hata kama haijaandikwa popote. Maziwa hushuka alfajiri. Kabichi, karoti na hoho huvunwa mchana, hupakiwa jioni, na fuso huondoka usiku ili zikute soko la Dar es Salaam kabla hakujapambazuka. Wenye chai wanajua zaidi yetu sote kwamba jani likishachumwa halisubiri mtu. Likilala kwenye gunia linapata joto na kuharibika kabla halijafika kiwandani. Kliniki ya wajawazito na watoto ina siku yake. Gulio lina siku yake, na magulio ya jirani yamepishana siku ili wachuuzi wazunguke yote. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, na karatasi zake zinasafirishwa kwa ulinzi wa polisi kwa barabara hizihizi. Na kuna misiba, ambayo haina tarehe, na maiti hairudishwi ilikotoka kwa sababu kuna shimo njiani.

Mwaka mmoja mkandarasi aliyepewa kazi ya kubadilisha kalavati, njia ya maji chini ya barabara, kwenye barabara yetu alifika na kijiko, mashine ya kuchimbia, siku moja kabla ya gulio. Kufika saa nne asubuhi barabara ilikuwa imekatwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kesho yake nyanya zilishuka kutoka mashambani kama kawaida, kwa sababu zilikuwa zimeshachumwa, zikakutana na mtaro. Kina mama walivusha matenga kichwani, wakiteremka ndani ya mtaro na kupanda upande wa pili kwenye udongo uliolowa. Bodaboda waliokuwa ng'ambo walipandisha bei. Dalali aliyekuwa amesubiriwa alipiga simu kusema amegeuzia gari kijiji kingine. Jioni, nyanya zilizobaki ziliuzwa kwa bei ambayo haikurudisha hata pesa ya dawa ya ukungu.

Hakuna aliyelikasirikia kalavati. Kila mtu alilitaka. La zamani lilikuwa limeziba na kila masika maji yalipanda juu na kula barabara. Watu walikasirikia siku. Tulipokwenda kuzungumza na msimamizi wa kazi, alitusikiliza vizuri, akatueleza kwamba kijiko ni cha kukodi, kwamba kilikuwa kinatakiwa eneo jingine siku mbili baadaye, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia habari ya gulio. Alisema kweli. Hakuna aliyemwambia, na sisi pia hakuna aliyetuambia kwamba anakuja. Barua ya kututaarifu ilipatikana baadaye, imegongwa muhuri, ikiwa bado ndani ya faili la ofisi ambako ilipaswa kutoka.

Ili kuelewa kwa nini mambo haya yanajirudia sehemu nyingi, inabidi kuangalia kalenda nyingine, ya fedha. Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, mlisho na jamii, ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Ni zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, na sehemu kubwa ni za udongo. Fedha za matengenezo hutoka hasa kwenye tozo ya mafuta kupitia Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara hizi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ukianza kuhesabu kutangaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, kuzichambua, kusaini mkataba na kumkabidhi mkandarasi eneo la kazi, miezi ya ukame inakuwa imeondoka. Kwetu kuna masika, kuna mluati, kuna vuli. Mvua hazituachi mbali. Mkandarasi aliyesaini Oktoba anaingia kazini na vuli mgongoni, anataka kumaliza haraka, na mtu mwenye haraka haulizi gulio ni lini.

Hilo la mwaka wa fedha haliwezi kurekebishwa na kijiji. Lakini kujua kwamba liko hivyo kunasaidia, kwa sababu ina maana kazi zetu nyingi zitafanyika miezi ya mboga na mvua, na tujipange tukijua hilo.

Jambo la pili linalostahili kuelezwa kwa watu ni kwa nini barabara inafungwa kwa muda ule. Wanakijiji wengi huambiwa "msipite" bila sababu, na mtu asiyepewa sababu akiona mtaro umefukiwa anaondoa mawe na kupita. Kalavati la mabomba yaliyokwisha kutengenezwa linaweza kupitika mapema, maana mabomba yanafika yakiwa yamekomaa; kinachotakiwa ni kujaza kifusi na kushindilia tabaka kwa tabaka. Likijazwa kwa mkupuo na kukanyagwa juu tu, fuso la kwanza litalizamisha. Kalavati la boksi linalomwagwa palepale ni habari tofauti kabisa. Zege hupimwa nguvu yake siku ya 28. Siku ya saba huwa limefikisha kama theluthi mbili. Mtu akipitisha lori la mbao siku ya nne huenda asione chochote siku hiyo, na ufa ukaja kuonekana baada ya masika mawili, wakati mkandarasi ameshaondoka na kipindi cha uangalizi kimeisha.

Nimeona mhandisi kijana akiyaeleza haya kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili cha kawaida, huku ameshika kipande cha zege mkononi. Wazee waliuliza maswali ya maana: kama maji ya kumwagilia zege yanatoka wapi, kama linafunikwa, nani analinda usiku. Baada ya hapo vijana wa kitongoji wenyewe ndio waliolilinda lile boksi. Hakuna jiwe lililoondolewa. Mkutano ule ulichukua kama saa moja, na naamini uliokoa mamilioni.

Sheria ya serikali za mitaa inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefika miaka 18 ni mjumbe. Kwa hiyo jukwaa lipo tayari. Mhandisi au msimamizi akija mara moja tu kabla ya kazi, akasema ninakata hapa, hapa na hapa, kila sehemu itachukua muda huu, nipeni siku ambazo hamwezi, atapata majibu ndani ya dakika chache. Sisi tulianza kuandika siku hizo kwenye karatasi kubwa na kuibandika ofisi ya kijiji: gulio, kliniki, siku za kupakia mboga, mitihani, mfungo na sikukuu. Nakala alipewa mtendaji wa kata. Mkandarasi aliyefuata alipewa ile karatasi siku aliyokabidhiwa eneo. Alihamisha siku mbili tu za ratiba yake, na alituambia hazikumgharimu kitu.

Sasa nizungumzie mgonjwa, maana nyanya zikiharibika zinalimwa tena.

Tanzania ina mfumo wa m-mama. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, anayemsaidia anapiga 115 bila malipo. Kituo cha uratibu kinatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu kinampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, mtu wa kawaida mwenye gari lake, na nauli inalipwa na mfumo. Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 ukatangazwa kuwa wa taifa zima. Kwa vijiji kama vyetu ni jambo kubwa mno. Lakini mratibu aliye mjini anapanga safari kwa kudhani barabara inapitika. Asipojua kwamba imekatwa, atatuma gari ambalo litasimama ng'ambo ya mtaro saa nane usiku, na mama atabebwa kwa machela gizani kupita kwenye ubao wa upana wa futi moja. Damu inayomwagika baada ya kujifungua inaweza kumuua mwanamke ndani ya saa chache. Hakuna muda wa kutafutana.

Kwa hiyo kila tunapopata taarifa ya kufungwa, simu ya kwanza inakwenda kwa mganga wa zahanati, naye anawaarifu wa wilayani na kituo cha uratibu: barabara imekatwa sehemu fulani, kuanzia lini hadi lini. Kisha tunahakikisha kuna gari upande wa ndani na gari upande wa nje, na namba za madereva wote wawili ziko zahanati. Wajawazito waliokaribia siku zao, hasa wenye kovu la upasuaji, wanashauriwa kuhamia kwa ndugu walio karibu na kituo cha afya mapema. Hayo yote ni ya simu tu. Pale kwenye mtaro panahitaji kitu kimoja cha ziada, nacho ni kivuko cha miguu kilichofungwa imara, chenye upana wa kupitisha machela na watu wawili, na taa usiku. Magogo manne na mbao zilizopigiliwa zinatosha. Mkandarasi anavyo vyote hivyo pale kazini.

Taa nazisisitiza. Ishara tuliyoizoea barabarani ni matawi ya miti yaliyotupwa njiani, na dereva wa Tanzania akiyaona mchana anajua kuna jambo mbele. Usiku hayaonekani mpaka uwe juu yake. Bodaboda mwenye taa moja hafifu, anayeteremka kona, anafika kwenye shimo kabla hajashika breki. Utepe wa rangi nao huchukuliwa na watoto siku ya kwanza. Ngoma mbili za lami zilizopakwa chokaa, mlinzi na taa ya sola vinafanya kazi kuliko bango. Na bango lenyewe, kwa kuwa tumelitaja: liwe kwa Kiswahili, liwekwe njia panda ambako dereva bado ana nafasi ya kugeuza, na liwe na namba ya simu inayopokelewa. Bango lililo mita chache kabla ya shimo, lenye jina la mradi na gharama zake kwa Kiingereza, halimsaidii mwenye fuso lililojaa viazi kwenye mteremko.

Habari huenda vipi? Barua kwa mtendaji ni lazima, kwa ajili ya kumbukumbu, lakini isiachwe ifanye kazi peke yake. Huku tangazo hufika kwa mbiu ya mgambo, kwa kipaza sauti cha msikiti baada ya swala ya Ijumaa, kwa matangazo ya kanisani Jumapili, na msibani, ambako watu wa vitongoji vyote hukutana. Wenyeviti wa vitongoji wana magrupu ya WhatsApp. Maeneo yenye redio za jamii, kama Pangani FM kule pwani ya mkoa wetu wa Tanga, wana chombo ambacho wengine tunakitamani. Lakini watu wanaosahaulika kila mara ni wale wasioishi kijijini: madereva wa fuso, madalali wa Dar es Salaam, wakusanya maziwa, mwenye kosta ya abiria. Hao hawasikii mbiu yetu. Tulikuja kugundua kwamba mtu mmoja anayepakia magari sokoni ana namba za madereva karibu wote, na ujumbe wake mmoja unafika haraka kuliko barua ya wilaya. Kila kijiji kina mtu kama huyo. Atafutwe, apewe tarehe sahihi, na apewe pia taarifa ya kufunguliwa. Barabara ikifunguliwa kimyakimya, madalali wanaendelea kukaa mbali siku kadhaa bila sababu.

Kuna upande mwingine wa uratibu unaoniuma zaidi, kwa sababu ni upotevu wa wazi. Barabara inachongwa, inawekwa changarawe, inashindiliwa, watu wanafurahi. Miezi miwili baadaye unakuja mtaro wa bomba la maji unaikatiza mara tatu, unafukiwa kwa koleo, na mvua ya kwanza inaacha mabonde matatu. Yalitupata hayo. Maji tuliyahitaji, na barabara tuliihitaji. Maji ya vijijini yana RUWASA tangu mwaka 2019, umeme una REA na TANESCO, mawasiliano yana wenye mkongo na minara, na wote hutumia ukanda uleule wa hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 imeweka kwamba hifadhi ya barabara haichimbwi bila idhini ya mwenye barabara. Idhini peke yake, hata hivyo, haileti mpangilio. Kinachotakiwa ni bomba kupitishwa kwanza ndani ya kalavati dogo la kuvushia, kisha changarawe imwagwe juu.

England wamelifanya kwa mfumo wa kompyuta: tangu mwaka 2020 mashirika ya maji, gesi, umeme na simu huingiza mipango yao ya kuchimba kwenye mfumo mmoja unaoitwa Street Manager, mamlaka ya barabara inaona nani anataka kuchimba wapi na lini, na taarifa hizo huwafikia hata wenye ramani za simu. Sisi ngazi ya kata tunaweza kuanza na daftari. Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa, diwani ni mwenyekiti, wenyeviti wa vijiji wamo, wataalamu wamo. Ajenda moja ya kudumu: nani ana mpango wa kuchimba au kujenga kandokando ya barabara miezi sita ijayo. Kila anayealikwa aje na tarehe. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo iligundulika kwamba nguzo za umeme zilikuwa zimepangwa kusimikwa palepale ambapo mtaro wa maji ya mvua ulikuwa unapanuliwa.

Nisisahau kufunga kwingine, ambako sisi wanakijiji ndio tunapaswa kudai kufanyike. Baada ya mvua kubwa barabara ya udongo huwa laini, na lori moja la mbao lililojaa likipita linaacha makorongo yatakayodumu mpaka greda la mwaka ujao. Bango la tani 10 lipo sehemu nyingi, na wengi hulipita. Cameroon na Burkina Faso wana vizuizi vya mvua: geti linashushwa mvua ikinyesha, magari mazito yanasubiri saa kadhaa mpaka ardhi ikauke, mepesi na wagonjwa wanapita. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo ya namna hiyo ikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Nimesikia wafanyabiashara wa mbao wakilalamika kwamba huko ni kuwaonea. Sikubaliani nao. Kusubiri saa sita ni kidogo mno ukilinganisha na kijiji kizima kukosa njia miezi sita.

Na kuna kufunga ambako hakuna aliyekupanga. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga na kwingineko Kilwa, njia ya lami iliyobaki kwa mtu wa Lindi ilikuwa kuzunguka Masasi, Songea, Njombe, Iringa na Morogoro. Kwetu ni maporomoko, na huja usiku. Mafunzo ya kufunga kwa mpango yanatusaidia hapo pia, maana orodha ya simu ni ileile, magari ya pande mbili ni yaleyale, na vijana wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wenye majembe na mapanga wanajua nani anawaita.

Suala ambalo bado tunalivutia huku na huku na wahusika ni la gharama ya kuvusha. Barabara ikikatwa siku tano, mizigo lazima ibebwe kutoka gari la upande huu kwenda gari la upande ule, na wabebaji wanalipwa. Hadi sasa anayelipa ni mkulima, kwa kukatwa kwenye bei ya tenga. Msimamo wetu kijijini ni kwamba kivuko cha miguu, taa, mlinzi na posho ya vijana wa kuvusha wagonjwa viandikwe kwenye mchanganuo wa gharama za kazi tangu zabuni inapoandaliwa, kila kimoja na kiasi chake, ili mkandarasi alipwe kwa kuvifanya na akatwe asipovifanya. Mhandisi mmoja alituambia inawezekana, mradi iombwe kabla ya bajeti kufungwa. Ombi letu limeshaandikwa, diwani ana nakala, na kikao cha kata kinachopokea vipaumbele vya barabara ndicho tunachokisubiri.